KIZURI HAKIJIUZI: NAMNA YA KUMPENDEKEZEA MWENZIO FILAMU

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina nia ya kubishana na wazee, lakini wao walisema hayo kabla sinema haijafika kwetu. Katika mambo ya filamu, naona methali hii imepinduka miguu juu. Filamu ya kigeni iliyogharimu mamilioni ya dola hujitembeza yenyewe: utaiona kwenye mabango, kwenye simu, ubavuni mwa matatu na hata kwenye fulana za watu. Filamu nzuri iliyotengenezwa hapa nchini kwa fedha kidogo yaweza kukaa miaka na mikaka, na mwanafunzi wa shule hii asiijue hata jina. Haina bango wala fulana. Ina mdomo wako na wangu, basi.

Ndiyo maana nataka tuzungumzie jambo tunalolifanya kila tunaporudi kutoka likizo. Wiki ile ya kwanza ya muhula, iwe bwenini, kwenye foleni ya chakula au uwanjani, habari kubwa ni moja: nani ametazama nini. Utasikia, "Wewe, umeona ile muvi? Aisee, ni moto!" Ukimwuliza mwenzio ni moto kwa nini, jibu ni lile lile: "Itafute tu, utajionea." Sasa hapo umeambiwa nini? Si chochote si lolote. Umepigiwa kelele tu.

Jambo hili si la mzaha. Jioni ya sinema hapa shuleni ni moja tu kwa muhula, na filamu ni moja tu. Ikichaguliwa kwa kufuata mwenye sauti kubwa, mamia ya wanafunzi watapiga miayo au watafunika macho, na tutangoja muhula mzima kupata nafasi nyingine.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kuna kusimulia filamu, kuna kusifu na kuna kupendekeza. Kusimulia ni kueleza yaliyotokea. Kusifu ni kusema kwamba wewe ulifurahi. Kupendekeza ni kumweleza mwenzio kwa nini yeye huenda akafurahi. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu tunasema habari zetu wenyewe na kumsahau anayesikiliza. Mtu anayekuamini atatoa saa mbili za maisha yake, na pengine nauli na kiingilio juu yake, kwa sababu ya neno lako. Kwa hiyo kupendekeza ni sawa na kutoa ushahidi, na shahidi ana masharti yake. Mimi nayaona manne.

Sharti la kwanza ni kumjua unayemwambia. Kinachomfaa mwanafunzi wa kidato cha nne si lazima kimfae mdogo wake wa darasa la tano. Hapa Kenya ipo Bodi ya Uainishaji wa Filamu, ambayo hutazama filamu na kuzipa alama: GE ni ya watu wote, PG yataka mzazi awe karibu, kisha kuna ya miaka 16 na ya miaka 18. Alama hiyo haikuambii kama filamu ni nzuri au mbaya. Inakuambia ni ya nani. Itaje mapema, usije ukamwaibisha mwenzio mbele ya wazazi wake sebuleni!

Sharti la pili ni kutoa mwanzo na kuficha mwisho. Katika fasihi tumefunzwa habari ya taharuki, yaani ile hamu ya kutaka kujua kitakachofuata. Anayefichua mwisho amemwibia mwenzake taharuki, na hawezi kumrudishia. Kanuni yangu ni rahisi: taja yale yanayoonekana katika robo ya kwanza ya filamu, kisha nyamaza. Chukua mfano wa Supa Modo, filamu ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Naweza kukuambia hivi: kuna msichana wa miaka tisa aitwaye Jo, anayependa mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Jo ni mgonjwa, na ugonjwa wake hauna tiba. Mamaye anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini. Dada yake, Mwix, hawezi kuvumilia kumwona amelala tu akingoja, kwa hiyo anaanza kumsadikisha kwamba yeye Jo mwenyewe ana nguvu hizo, na kijiji kizima kinaingizwa katika njama ile.

Hapo nanyamaza. Je, umepungukiwa na kitu? La! Sasa unajua swali la filamu yenyewe: mtoto ambaye hatapona, utamfanyia nini katika siku zilizobaki? Mama ana jibu lake, dada naye ana lake, na wote wawili wanampenda. Ukitaka kujua nani alikuwa na haki, itafute.

Sharti la tatu ni kutoa sababu inayotokana na filamu yenyewe. "Imeweza" si sababu. Sababu ni uigizaji, picha, sauti, lugha, msuko, au jambo fulani ulilolitambua. Tuchukue Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Mhusika mkuu ni Mwas, kijana wa mashambani anayetaka kuwa mwigizaji. Anakuja Nairobi, na hata kabla hajapata pa kulala, anaporwa kila kitu. Muda si muda anajikuta na miguu katika mitumbwi miwili, mmoja wa jukwaa la maigizo na mwingine wa genge la wezi. Kwa nini naipendekeza? Kwa sababu aliyeigiza kama Mwas, Joseph Wairimu, anakufanya umcheke, umwonee huruma na umkasirikie, pengine yote hayo kwa dakika moja. Si mimi peke yangu niliyeona hivyo, kwani mwaka ule ule alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban, Afrika Kusini. Tena filamu hiyo ndiyo ya kwanza ambayo Kenya iliwahi kuiwasilisha ili ishindanie tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Sababu nyingine ni lugha. Wahusika wanazungumza Kiswahili, Sheng na Kikuyu kama watu wanavyozungumza hasa mitaani, wala si kama wanaosoma kitabu.

Sharti la nne ndilo gumu zaidi, nalo ni kutaja kasoro. Mgala muue na haki yake umpe. Basi hata umpendaye, aibu yake usiifiche. Nairobi Half Life ina matusi, damu na mambo ya watu wazima. Siwezi kuipendekezea jioni yetu ya sinema ambapo wanafunzi wadogo wameketi mstari wa mbele, ingawa naiona ni filamu bora. Au tazama The First Grader ya mwaka 2010. Inamhusu Mzee Kimani Maruge, yule aliyejiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo. Oliver Litondo anamwigiza Maruge vizuri ajabu, na ukimwona mzee akichonga penseli miongoni mwa watoto utaona haya kulalamikia kazi ya ziada. Hata hivyo, nitakuambia pia kwamba mwongozaji, Justin Chadwick, ni Mwingereza, na wahusika wanaongea Kiingereza hata pale ambapo wewe na mimi tungetarajia lugha zetu. Tena kuna sehemu za kukumbuka mateso ya wakati wa Mau Mau ambazo ni nzito kwa watoto wadogo. Je, kasoro hizo zimeiua filamu? Hasha! Zimekusaidia uketi kuitazama ukiwa tayari. Na siku nyingine nikikuambia filamu fulani ni safi, utaniamini, kwa sababu umeshaniona nikikosoa.

Hapa huenda mwenzangu akauliza: mbona unatukataza kusimulia, na wasimulizi wa filamu wanapendwa hivyo? Swali zuri. Ni nani asiyemjua DJ Afro? Kwa miaka mingi sauti yake imesikika katika vibanda vya video nchini, akizipa filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani Kiswahili cha mtaani na vichekesho vyake mwenyewe. Tanzania nako Lufufu alijipatia jina kwa kazi hiyo, na Uganda wapo wanaozitia filamu Kiganda. Lakini angalia tofauti. Msimulizi wa aina hii anazungumza huku picha inaendelea. Anamshika mtazamaji mkono wavuke pamoja mto wa lugha asiyoijua. Yule wa bwenini anayekueleza filamu nzima mpaka mwisho anavuka peke yake, kisha anakuja kukuambia maji yalikuwa baridi! Hata Mwas, tunapokutana naye mara ya kwanza kule kijijini, ni mchuuzi wa diski za filamu. Anawaigizia wanunuzi kipande kimoja kwa mbwembwe, ili wanunue wakajionee kilichobaki. Huyo anajua kupendekeza.

Jambo la mwisho linahusu neno "kugawana". Tunapenda kusema tunagawana filamu, na mara nyingi maana yake ni flashi inayozunguka kutoka mkono hadi mkono. Wenzangu, kupendekeza si kunakili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwenye kazi, lakini hebu tuiweke sheria kando kidogo tufikirie hesabu tu. Kampuni kubwa ya ng'ambo ikipoteza mtazamaji mmoja haitashtuka. Mwongozaji wa hapa anayehangaika kutafuta fedha za filamu yake ya pili atapata hasara ya kweli tukitazama ile ya kwanza sote kwa nakala ya wizi. Huwezi kuisifu kazi ya mtu kwa mdomo huku mkono umo mfukoni mwake. Ukimpendekezea mwenzio filamu, mwonyeshe na njia ya halali ya kuipata: ukumbi wa sinema, kituo cha utamaduni, runinga, au diski iliyouzwa na mwenyewe.

Naam, mtu akijizoeza kupendekeza hivi, macho yake nayo hubadilika. Kwa kuwa anajua ataulizwa sababu, ataanza kuitazama filamu kwa makini: kamera imewekwa wapi, kwa nini hapa pana kimya, nani hakusema neno. Ujuzi huo una soko hata hapa shuleni, maana tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo siku hizi lina mashindano ya filamu pia. Anayetaka kutengeneza filamu kesho na aanze kwa kuieleza vyema aliyoitazama leo.

Kwa hiyo natoa rai kwa Chama chetu cha Kiswahili. Kabla ya jioni ya sinema ya muhula ujao, kila mwenye filamu yake asimame mbele ya wenzake kwa dakika tatu, kwa Kiswahili. Aseme ni ya nani, inaanzaje, ina uzuri gani na ina kasoro gani. Atakayefichua mwisho aketi papo hapo! Kisha tupige kura. Mimi nitasimama na Supa Modo, na nimeshaanza kujiandaa. Wewe utasimama na ipi?