Saa Kumi na Moja Mlima Unawaka

Oya, tupige hesabu ya kitaa kidogo. Kadi inasema ibada saa nane. Saa nane na nusu bibi harusi bado yuko saluni, kope hazijakauka. Ndoa inakuja kufungwa saa tisa na nusu, matarumbeta yanapanda pikapu, msafara unazungushwa mjini mpaka Msamvu watu wakuone. Ukumbini kadi imeandika saa moja, maharusi wataingia saa tatu. Katikati ya vurugu hizo kuna kama dakika arobaini ambazo jua linautazama mlima Uluguru usoni. Hizo ndizo zetu. Mimi picha za mnato, mwanangu mmoja video, kamera mbili, betri tano, na bodaboda anayetudai tangu wiki iliyopita.

Moro, mji kasoro bahari, umelala kaskazini-magharibi mwa mlima. Asubuhi jua linachomoza kule mgongoni mwa Uluguru, kwa hiyo unapata mlima mweusi, na maharusi mbele yake weusi vilevile, picha inatoka kama ya watu wanaotafutwa. Jioni mambo yanageuka. Jua linakuwa upande wa Dodoma, linaupiga mlima kuanzia Bondwa kwenye minara hadi Lupanga, zaidi ya mita 2,100 kwenda juu, na kila bonde linajichora. Msimamishe mtu Bigwa saa kumi na moja, mwambie ageuke nusu. Huna haja ya filta. Unyama mtupu!

Tatizo mlima una wenge lake. Mawingu ya upande wa mashariki hayapigi hodi; unakagua lenzi, ukiinua kichwa Lupanga haipo. Masika ndiyo usiseme, Machi mpaka Mei tunakula ahadi tu. Niliwahi kupiga picha hamsini za maharusi na ukungu. Bwana harusi akauliza, "Mlima uko wapi?" Nikamwambia upo, bro, nyuma yako. Akageuka kuangalia!

Na kuna wale wanaotaka Morningside, kwenye ile nyumba ya Wajerumani huko juu. Sawa, ila ile njia haijui viatu vya kisigino. Bibi harusi mmoja tulimpandisha kwa bodaboda, gauni limekunjwa likafungwa kwa kanga kiunoni, miguuni yeboyebo za kijani. Njiani tukapishana na akina mama wanateremka na ndizi kichwani kwenda sokoni. Walivyomwona wakatua mizigo, vigelegele vikaanza, mmoja akavua mtandio wake akamfuta vumbi shavuni. Mwanangu wa video alikuwa ameshawasha kamera. Zile sekunde kumi ndizo watu wanaangalia mpaka leo. Picha ya pozi mbele ya nyumba hakuna anayeiulizia. Na zile yeboyebo zinaonekana, tulikataa kuzifuta.

Wanetu wa Dar nao wameshtukia mchongo. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria wa Dar na Moro, Juni 2024, mtu anapanda asubuhi na gauni kwenye mfuko, kama saa mbili yuko Moro, anapiga picha za kabla ya harusi, jioni anarudi zake Kinondoni. Zamani ilikuwa kilomita 190 na ushee za barabara, malori mbele, malori nyuma, gauni linafika limechakaa kuliko mvaaji.

Wengine wanatoka mbali zaidi. Tulimpata jamaa wa Nairobi, anaoa mtoto wa Moro, pamba kali kinoma. Anafika ukumbini anajikagua kwenye kioo, anamuuliza mlinzi, "Buda, luku iko safi?" Kwao luku ni mtu alivyopendeza. Mlinzi wa watu akajibu kwa heshima zote, "Ipo bosi, nimeongeza ya elfu ishirini." Mpaka keki inakatwa yule jamaa hajaelewa amesifiwa au ametukanwa.

Ukumbi ni mada nyingine. Wenye kumbi wanapenda taa za zambarau, sijui nani aliwaloga. Maharusi wanaingia, taa zinawageuza biringanya, halafu Jumatatu unapigiwa simu, "Mbona rangi sio yangu?" Siku hizi nafika mchana, namtafuta fundi wa taa, shikamoo zangu na soda baridi, namwomba anipe nyeupe wakati wa kuingia, wa keki na wa zawadi. Baada ya hapo awashe disko lake. Soda imeokoa harusi nyingi kuliko flashi yangu.

Na tukiwa kwenye rangi: usiniambie nimng'arishe dada yako mpaka mama yake ampoteze. Kupiga ngozi nyeusi na shela jeupe kwenye fremu moja ndiyo kazi yenyewe. Kumpaka chokaa kwenye kompyuta ni uvivu, nakataa, na kuna hela nimezipoteza kwa sababu hiyo.

Dili linatutokea pale DJ anapochoka na kwaito, akagusa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Jamaa amefariki tangu 1979, lakini wazee wa Moro wote wanasimama. Babu aliyekuwa amesinzia meza ya nyuma anaacha mkongojo kwenye kiti. Hapo usibaki na watu wa meza kuu, kimbilia kwa wazee.

Sasa nikupe somo lililotutoa jasho. Waluguru ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba sio mtu wa kuja kula pilau akaondoka. Sisi, mashamba kabisa, kwenye harusi yao moja tukapiga picha ya familia: baba kati, mama kati, baba wadogo wamejaa. Mjomba amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya hema, ametulia na kofia yake. Baada ya wiki mbili tunapeleka albamu. Bibi anafungua kurasa polepole, analamba kidole, anafungua tena. Kisha akaifunga.

"Wajukuu zangu, mjomba wenu mmemweka wapi?"

Kimya. Mwanangu akajifanya anatafuta chaja.

Tukarudi Jumapili, gauni likakodiwa upya kwa mkwanja wetu, watu wakapangwa chini ya mwembe, mjomba mbele kabisa. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Leo mmeniona?" Tangu siku hiyo, kabla sijatoa kamera kwenye begi, nauliza mjomba ni yupi.

Kuhusu mpunga, kamati inamkumbuka mpiga picha mwisho. Vikao vinaanza na ukumbi, chakula, vinywaji, MC, mapambo. Sisi tuko kwenye mengineyo. Unapewa advansi, salio "tutaongea". Dawa yake ni kwenda na video siku ya kuvunja kamati. Wakiwa wamekaa na nyama choma, unawawashia, mwenyekiti anajiona anavyocheza, anacheka mpaka anashika meza. Hapo ndipo unataja salio. Mtunza hazina hawezi kuingia mitini mbele za watu.

Na picha za watu hatuzirushi mtandaoni kiholela. Ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, inafanya kazi tangu Mei 2023. Lakini hata isingekuwepo, bi mkubwa wa mtu akilia ni wa kwao, sio wa kutafutia wafuasi. Tunaomba ruhusa kwa meseji, wakikataa tunakausha.

Bodaboda wa Moro, nyie ndio mnatuzingua. Mkimwona mtu na shela pembeni ya barabara mnapiga honi kama mmelipwa, bibi harusi anashtuka, pozi linakufa, na jua halirudi nyuma. Kwa hiyo mwanangu, ukitukuta njia ya Bigwa saa kumi na moja tumeinua ncha za gauni, mjomba amesimama kati na kofia yake, kausha na honi. Tupishe dakika tano tu.