Unaenda odisheni? Jipange kabla jina lako halijaitwa

UMEONA tangazo kwenye simu: wanatafutwa vijana wa kuigiza katika mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na densi. Sauti unayo, shuleni ulikuwa nguzo ya klabu ya drama, na marafiki wanakuambia hiyo nafasi ni yako tu. Pole pole. Waliokuwa nguzo shuleni kwao ni wengi, na huko ndani huenda kila mmoja akapewa dakika mbili au tatu pekee.

Muda huo hautoshi kuonyesha kila unachokijua. Unatosha kumwonyesha mwelekezi jambo moja analolitafuta sana: je, wewe ni mtu anayeweza kufanya kazi naye wiki baada ya wiki za mazoezi?

Anza na tangazo lenyewe. Lisome mara mbili. Wakitaka kipande cha dakika moja, usilete cha dakika tano. Wakitaka wimbo wa jukwaani, usiende na ule unaovuma TikTok wiki hii.

Chagua mhusika unayemwelewa
Si lazima kipande chako kitoke ng'ambo. Kama ulisoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea ukiwa sekondari, tayari unamjua Tunu. Lakini kukariri maneno yake hakutoshi. Jiulize anataka nini kwa Majoka: soko la Chapakazi lifunguliwe, watu wapate riziki. Kisha jiulize anaweza kupoteza nini akisema hivyo mbele ya mkubwa. Ukiyajua hayo, hutahitaji kulazimisha machozi.

Kama umelelewa na tamasha za drama za shule, una faida na una mzigo. Faida ni kwamba huogopi watu. Mzigo ni ile tabia ya kurusha sauti hadi ukuta wa nyuma na kupunga mikono kwa kila neno. Odisheni nyingine hufanyiwa katika chumba kidogo, majaji wakiwa hatua chache tu kutoka kwako. Pima chumba kwanza, ndipo upime sauti.

Jizoeze kubadilika
Hapa ndipo wengi hukwama. Umemaliza kipande, unadhani kazi imeisha, kisha unaambiwa: "Hebu rudia, lakini sasa unamwambia siri." Huo si ukosoaji. Mwelekezi anataka kuona kama unasikia na unajaribu. Ukianza kujitetea kwamba ulifanya hivyo makusudi, umejifungia mlango mwenyewe.

Nyumbani, jirekodi na simu ukisema kipande hichohicho mara tatu: kwa hasira, kwa mzaha, kwa kunong'ona. Ukiona zote tatu zinafanana, bado una kazi.

Wimbo na miguu
Chagua wimbo unaouimba vizuri hata ukiwa umechoka, kwa sababu siku hiyo utasubiri sana. Tayarisha sehemu fupi inayoonyesha sauti yako ikishuka na kupanda. Kama kuna mpiga kinanda, mpe karatasi ya muziki uliyoweka alama pa kuanzia na pa kumalizia. Kama unatumia muziki wa simu, upakue mapema. Bando likiisha mlangoni, hakuna atakayekusubiri.

Kwenye densi, vaa nguo unazoweza kuchuchumaa nazo na viatu visivyoteleza. Ukikosea hatua, endelea. Anayekosea na kuingia tena kwenye hesabu huonekana tayari kwa jukwaa kuliko anayesimama na kucheka.

Safari na usalama
Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo uko barabara ya Harry Thuku, jijini Nairobi, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukitokea Rongai au Kitengela, unajua vile jam huwa. Toka mapema, kunywa maji, na uimbe ukiwa umefunga mdomo ili sauti iamke taratibu.

Na tusidanganyane: si kila tangazo ni la kweli. Ukiambiwa utume pesa kwa M-Pesa ndipo "nafasi yako ihifadhiwe", achana nao. Ukiitwa peke yako usiku, nyumbani kwa mtu, usiende. Hata kwa odisheni halali, mwachie mtu wa kwenu jina la mahali na saa unayotarajia kurudi. Hakuna nafasi ya kuigiza inayodai mwili wako.

Ukikosa je?
Utakosa mara nyingi. Pengine walitaka mtu mrefu zaidi, au sauti nzito zaidi. Lupita Nyong'o alikuwa na miaka 14 alipoigiza kama Juliet jukwaani Nairobi. Tuzo ya Oscar aliipata 2014, zaidi ya miaka 15 baadaye, na katikati alifanya kazi nyuma ya kamera na kurudi darasani kusomea uigizaji.

Kwa hivyo ukitoka, kabla hujapanda matatu, andika mambo mawili: uliambiwa ubadilishe nini, na ulikwama wapi. Hiyo ndiyo kazi yako ya wiki ijayo, wakupigie simu au wasikupigie.