Umeme ukikatika gitaa lisinyamaze: Amplifaya gani ya betri inakufaa?

Kwa mpiga gitaa kavu anayeishi kwa shoo ndogondogo, hotelini, kwenye harusi za bustanini au ibada za nje, umeme ni nusu ya kazi. Ukikatika katikati ya wimbo, mteja hakumbuki kwamba ni mgao. Anakumbuka kwamba wewe ulinyamaza.

Ndiyo maana amplifaya za kubeba, zinazotumia betri, zinatafutwa sana siku hizi. Shida ni kwamba zinatofautiana mno, na bei zake si za kujaribia. Ukikosea kuchagua, hela ya shoo kadhaa imeenda. Haya ndiyo mambo ya kuangalia kabla hujatoa pesa.

Kwanini usitumie tu ile spika ya kuchaji?

Swali zuri, maana spika za magurudumu zenye bluetooth na maiki mbili zimejaa madukani na ni rahisi zaidi. Jibu linategemea gitaa lako.

Magitaa mengi kavu ya kuchomeka yana kinasa sauti kidogo kilichofichwa chini ya daraja la nyuzi. Kinasa hicho kinatoa sauti dhaifu, na kinahitaji tundu lililotengenezwa kwa ajili ya gitaa. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki ya kawaida, besi inapotea na gitaa linalia kama bati.

Sasa angalia ubavuni mwa gitaa lako. Ukiona kisanduku chenye vitufe vya sauti na sehemu ya betri ya volti 9, una bahati. Kisanduku hicho kinaipa sauti nguvu kabla haijatoka, kwa hiyo hata spika ya kawaida itakubeba kwa kiasi fulani. Kama hakipo, amplifaya ya gitaa kavu si anasa, ni lazima.

Pia usichukue amplifaya ya gitaa la umeme ukidhani ni kitu kilekile. Ile imetengenezwa kukwaruza sauti. Ya gitaa kavu inatakiwa itoe sauti safi, kama ilivyo kwenye mbao.

Wati zisikutishe

Wauzaji wanapenda kutaja wati. Lakini sikio halihesabu hivyo. Wati zikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji anaisikia kidogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati karibu mara 10.

Kwa hiyo wati 60 dhidi ya 30 si vita. Wati 60 dhidi ya 5, hiyo ni vita. Na ukiwa nje, ambako hakuna kuta za kurudisha sauti, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6. Shoo ya ufukweni inataka nguvu kuliko ya sebuleni, hata kama watu ni walewale 40.

Tano za kulinganisha

Blackstar Fly 3 Acoustic. Hii ni ndogo kabisa: wati 3, uzito chini ya kilo moja, betri 6 za AA, zile za saa ya ukutani. Kampuni inasema zinaweza kufika masaa 50 kwa sauti ya wastani. Ina tundu moja la gitaa, haina la maiki. Ni ya mazoezi chumbani, na kati ya hizi tano ndiyo ya bei ya chini. Usiende nayo harusini.

Roland CUBE Street. Wati 5 na spika mbili za inchi 6.5. Inatumia betri 6 za AA kwa hadi masaa 15, uzito kama kilo 5. Ina sehemu ya maiki na ya gitaa, na imelala kwa mshazari ili sauti ipande kwa wasikilizaji. Inafaa kona ya mgahawa au kikundi kidogo cha maombi. Wakianza kupiga makofi na kuimba wote, utazama.

Roland AC-33. Hii ni ya gitaa kavu hasa. Ukiichomeka ukutani inatoa wati 30, kwenye betri inashuka hadi 20. Kwa hesabu ya hapo juu, pengo hilo halifiki desibeli 2, hutalisikia sana. Inakula betri 8 za AA kwa takriban masaa 8, ina uzito wa kilo 4.7, na ina kitufe cha kuzuia ule mlio wa "wiiii" spika inapogombana na gitaa. Pia inarekodi kipande ulichopiga na kukirudia, ukapiga juu yake.

Fishman Loudbox Mini Charge. Wati 60, betri ya ndani ya kuchaji, tundu la gitaa na la maiki, na bluetooth ya kupigia nyimbo wakati wa mapumziko. Sauti ikiwa imefunguliwa yote betri inadumu kama masaa 4, kwa matumizi ya kawaida kama 12. Uzito unakaribia kilo 10. Kwenye bodaboda si rafiki yako.

Bose S1 Pro. Hii ni spika ya matangazo iliyojifunza gitaa. Ina njia 3, mbili zikiwa za maiki au gitaa, ya tatu ya simu. Betri yake inafika hadi masaa 11, na uzito ni kama kilo 7. Inaweza kusimama kwenye stendi, hivyo sauti inapita juu ya vichwa vya watu. Betri inatoka na inauzwa peke yake, jambo muhimu kuliko linavyoonekana. Upande wa bei, jiandae.

Masaa ya kwenye boksi yasome vizuri

Betri 8 za AA za kuchaji zina umeme wa kama wati 19 kwa saa moja. Amplifaya ya wati 20 ingezimaliza ndani ya saa moja kama ingefanya kazi kwa nguvu zote bila kupumua. Inafika masaa 8 kwa sababu muziki una nafasi katikati ya noti, na mara nyingi hufungui sauti yote.

Maana yake ni kwamba ukipiga kwa sauti ya juu kabisa, masaa yatapungua sana. Shoo ya masaa 3 ipangie betri ya masaa 6.

AA au ya ndani?

AA zina faida moja kubwa: zikiisha unaingia duka lolote, unabadilisha, unaendelea. Ila kununua mpya 8 kila shoo kutakumaliza. Nunua seti mbili za kuchaji, moja kazini, moja mfukoni.

Betri ya ndani ni nafuu kuendesha, lakini mkikaa siku mbili bila umeme nyumbani huna pa kuichajia. Na kila betri huchoka baada ya miaka. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: ikifa, naipata wapi nyingine? Akijikuna kichwa, fikiria tena.

Kwa hiyo uchukue ipi?

Mazoezi tu: Fly 3. Kona ya mgahawa, gitaa na sauti yako: CUBE Street. Watu kama 50 na unataka gitaa lisikike kama gitaa: AC-33. Unahitaji nguvu zaidi na una usafiri: Loudbox. Unaimba, mwenzako anaimba, na MC naye anataka maiki: S1 Pro.

Mwisho, nenda dukani na gitaa lako na waya wako. Mwambie muuzaji achomoe ukutani, upige kwa betri, ukiimba, sauti ikiwa pale utakapoiweka siku ya shoo. Sogea karibu na spika uone kama inapiga mluzi. Dakika 10 hizo zitakuambia zaidi ya maandishi yote ya kwenye boksi.