Sauti Ipitayo Mfupani: Habari za Uziwi wa Sikio Moja, Lodwar na Kakuma

Mtu aliyepoteza sikio moja hahesabiwi na jirani zake kuwa kiziwi, wala yeye mwenyewe aghalabu hajihesabu hivyo, kwa kuwa chumbani humsikia vyema kila asemaye naye. Lakini mtie katika darasa la kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko Turkana, lenye wanafunzi zaidi ya mia, au msimamishe kando ya barabara ya Lodwar ambako bodaboda hushindana honi na malori yaendayo Sudani Kusini, ndipo itakapodhihiri kwamba maneno yasemwayo upande wa sikio bovu humpita, na kwamba honi aisikia ila hajui itokako. Kichwa chenyewe huzuia sauti nyembamba, zile za s na f na t zitenganishazo neno na neno, zisifike upande wa pili. Na ubongo, ambao hutambua mahali pa sauti kwa kulinganisha masikio mawili, umebaki na shahidi mmoja tu. Uchovu wa kugeuza shingo na kubahatisha mchana kutwa, ambao jamaa huudhania kuwa kiburi au uzito wa akili, ndio sehemu kubwa ya dhiki yake.

Sababu ni nyingi: homa ya uti wa mgongo, pigo la kichwa, na matumbwitumbwi, maradhi ambayo chanjo ya kawaida ya watoto wa Kenya, inayokinga surua na rubela, haiyakingi. Iko pia ile ya ghafla, mtu kuamka sikio limekufa bila sababu ijulikanayo. Huyu asingoje hata siku moja, kwani dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Sisi tulio mbali, Marekani, Kanada au Australia, tupatapo habari kama hiyo kutoka nyumbani hukimbilia kununua kifaa cha kusikia. Lakini kabla ya fedha kutoka mfukoni, tabibu hana budi kuulizwa uziwi huo ni wa namna gani, na jibu la awali halihitaji mashine kubwa. Huchukua kichuma cha pembe mbili, akakigonga kikalia, akakisimamisha katikati ya paji la uso, na mlio ukapita mfupani. Ikiwa kasoro ni ya sikio la nje au la kati, kwa mfano usaha au kiwambo kilichotoboka, mgonjwa atasema mlio umeegemea sikio bovu. Ikiwa kilichokufa ni sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu, atasema umeegemea lile zima. Mwenye usaha atibiwe kwanza.

Njia hiyo ya mfupa ndiyo iliyotumiwa na wataalamu wa Gothenburg, Uswidi, nchi ambako Per-Ingvar Brånemark alikuwa amevumbua kwamba titani hushikamana na mfupa hai, na mwaka 1977 Anders Tjellström na wenzake wakawapandikiza wagonjwa wa kwanza skrubu nyuma ya sikio ili ibebe kifaa. Mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha kitumike kwa uziwi wa sikio moja: hukaa upande uliokufa, hunasa sauti, hulitetemesha fuvu, na sauti ikavuka hadi sikio la ndani lililosalimika.

Faida yake ni ya kweli, lakini ina mpaka. Wenye kukitumia husema kwamba humsikia aketiye upande mbovu pasipo kugeuka, na kwamba mazungumzo ya wengi hayawachoshi kama zamani. Ila kujua sauti itokako hakurudi, maana sikio lisikialo ni lile lile moja, na ghasia ikiwa upande mbovu, kifaa huivusha nayo ikalisumbua zima. Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba kwa jamaa wa Turkana skrubu si jambo la kuanzia: ngozi izungukayo chuma hutaka kusafishwa kila siku katika nchi ya vumbi na uhaba wa maji, betri za zinki hukauka upesi katika hewa kavu, na mkimbizi hatoki kambini kumfuata mpasuaji bila kibali cha kusafiri. Bora kifaa hicho kibebwe na ukanda wa kunyumbuka ufungwao kichwani, usiohitaji kisu, auvae siku kadhaa sokoni na msikitini au kanisani, kisha aseme mwenyewe kama umemfaa. Na zile spika za wanamichezo zinazokaa mbele ya masikio tusizitume kwa kudhani ni tiba. Hupitisha muziki mfupani, lakini hazikutengenezwa kunasa maneno ya aliye jirani.

Wakati hayo yakingojewa, mwalimu wa Kakuma, au wa Kalobeyei iliyo jirani, aombwe kumketisha mtoto mwenye uziwi huo mbele, sikio bovu likielekea ukutani, zima likielekea kwake na kwa wenzake darasani, nao wazazi wamfundishe kutovuka barabara kwa kutegemea sikio peke yake.