Kiinitete mozaiki

Kiinitete mozaiki ni kiinitete chenye seli za aina mbili au zaidi: baadhi zina idadi ya kawaida ya kromosomu, yaani 46, na nyingine zina kromosomu pungufu au za ziada. Hugunduliwa hasa katika utungishaji wa mimba nje ya mwili, ambapo viinitete huweza kupimwa kabla ya kupandikizwa.

Chanzo

Kasoro iliyomo katika seli zote kwa kawaida hutoka kwenye yai au mbegu ya kiume, na huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea. Umozaiki hutokea baada ya utungisho, seli moja inapogawanyika bila kugawa kromosomu zake sawasawa. Seli zinazotokana nayo hurithi kasoro hiyo. Nyingine hubaki salama.

Upimaji

Siku ya 5 au ya 6 kiinitete huwa na seli zipatazo 100 au zaidi. Wataalamu huchukua seli 5 hadi 10 za tabaka la nje, linalojenga kondo la nyuma. Fungu la ndani, ambalo ndilo litakuwa mtoto, haliguswi. Kwa hiyo kipimo hueleza hali ya sampuli tu: huenda sampuli ina kasoro na mtoto ni mzima, au kinyume chake. Maabara nyingi huita mozaiki sampuli yenye kasoro katika takriban asilimia 20 hadi 80 ya seli.

Upandikizaji

Awali viinitete hivyo vilitupwa. Mwaka 2015 Ermanno Greco na wenzake wa Roma, Italia, walitangaza kwamba waliwapandikizia wanawake 18 ambao hawakuwa na kiinitete cha kawaida. 6 walijifungua watoto wenye afya. Mwaka 2016 utafiti juu ya panya uliofanyika Cambridge, Uingereza, ulionyesha kwamba seli zenye kasoro katika fungu la ndani huweza kufa na nafasi yake kuchukuliwa na seli nzima.

Hata hivyo hatari ipo. Kasoro ikiwa katika seli nyingi, uwezekano wa mimba kutunga hupungua na wa kuharibika huongezeka. Ndiyo maana kiinitete cha kawaida hutangulizwa. Kikikosekana, wazazi hupewa ushauri kabla ya kuamua, na mimba ikitunga hushauriwa kupima maji yanayomzunguka mtoto tumboni, kwa kuwa yana seli za mtoto mwenyewe.