Mtu Mzima Hajifunzi kwa Kuambiwa Tu

Ikiwa wewe ni mwalimu wa darasa la watu wazima, labda umepata kuona jambo hili: siku ya kwanza wanafunzi wamejaa, na baada ya majuma machache wamebaki wanne, na wawili kati yao wanasinzia. Usiseme upesi kwamba ni wavivu. Wameshika jembe tangu alfajiri, na ubaoni wanakuta hesabu za vitu visivyowahusu.

Nchi yetu imekwisha kuonja faida ya njia nyingine. Katika Tanzania ya mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufika 1977 wasiojua walikuwa 27 tu katika 100. Tena mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakashauriana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walishauriana na kutenda. Ndiyo maana mafunzo yalishika.

Basi darasani nako kuna njia ya namna hiyo: mchezo wa mfano. Tuseme darasa lako liko Sindeni, wilayani Handeni, ambako watu hulima mahindi. Mkulima auzapo mahindi yake huweza kudaiwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo kwa bei ileile ya gunia la kawaida. Sheria ya vipimo inakataza, lakini asiyejua hesabu atajuaje kiasi alichopoteza? Ukieleza ubaoni, watakuitikia tu. Afadhali fanya soko.

Mchanga uwe mahindi, kopo liwe debe, mifuko iwe magunia, na kokoto ziwe fedha. Wagawe wanafunzi: hawa wakulima, hawa wanunuzi, na mmoja mwandishi. Wape wakulima makopo 42 ya mchanga. Gunia la haki ni makopo 6, na bei yake kokoto 10. Wanunuzi waambie kwa siri wadai kopo la 7 katika kila gunia.

Waache wauziane. Mchanga utakwisha kwa magunia 6, na wakulima watakuwa na kokoto 60. Sasa waulize: kwa makopo 6 mngepata magunia mangapi? Wahesabu wenyewe. Watakuta 7, yaani kokoto 70. Gunia zima limekwenda bure, nao wamelishika kwa mikono yao!

Kisha badilisheni zamu. Mkulima mmoja akatae kopo la 7 peke yake. Mnunuzi atamwacha na kwenda kwa jirani. Mara ya tatu wakatae wote pamoja, wadai mizani. Hapo mnunuzi hana pa kwenda. Somo hili la umoja halikuandikwa ubaoni, lakini hakuna atakayelisahau.

Angalia mambo machache. Kwanza, usimfanye mzee kichekesho mbele ya vijana. Akikosea, kundi lake limsaidie. Pili, usimpange mtu abishane bei na mkwewe. Hata katika mchezo, heshima ni heshima. Tatu, wakitaka kupatana kwa Kizigua, waache. Kuandika ndiko kuwe kwa Kiswahili. Nne, usimalize kwa kicheko tu. Mazungumzo ya baadaye ndiyo kiini: Nini kimetokea? Kwa nini? Msimu ujao tutafanyaje? Mchezo usio na maswali haya ni ngoma tu.

Labda utaona haya kuwachezesha watu wenye wajukuu. Lakini fikiri: kosa la darasani hugharimu kopo la mchanga, kosa la sokoni hugharimu ada ya mtoto. Ni wapi afadhali mtu akosee?

Haya, mwalimu, mahindi bado yako shambani. Tafuta makopo na mchanga, jaribu jioni moja kabla ya mavuno, nawe utaona kama darasa litasinzia.