Sauti za Wazee Wetu Zisipotee na Kaseti

Hapa Rau, Moshi, familia ifunguapo kabati la zamani huenda ikakuta kaseti za kaswida, mawaidha na sauti za wazee waliotangulia mbele ya haki. Kaseti zipo, redio za kuzichezea ndizo zinazotoweka.

Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilileta kanda ya kidijitali, na Sony ikaleta MiniDisc. Kila moja ilitaka kuirithi kaseti. Kanda ile iliachwa mwaka 1996. Mwaka 2013 Sony nayo ikakoma kuuza mashine za MiniDisc. Kaseti kongwe ikawa ingali ikilia.

Leo tunategemea simu na kadi za kumbukumbu, nazo zitapitwa. Basi, ewe mzazi, usiulize chombo kipi kitadumu. Waagize vijana wainakili kaseti kwenye kompyuta, waweke nakala mbili mahali tofauti, na waandike jina la msemaji na mwaka. Kila kijapo chombo kipya, wahamishe tena. Redio hununuliwa, sauti ya babu hainunuliki.